Mama Kijana Amerudi Darasani: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Abaki

Walimu wa ushauri nasaha kutoka Kisumu, Siaya na Vihiga hunipigia simu na kilio kimoja kuhusu msichana aliyejifungua akarudi shuleni. "Tulimpokea vizuri. Tukampa dawati, mwalimu mkuu akamwombea gwarideni, akakaa wiki tatu hivi, kisha hatukumwona tena." Wengine wamejaribu mara mbili na msichana yule yule.

Nimefanya kazi hii katika shule za kutwa kwa miaka mingi, na mimi pia nimewahi kumpoteza mwanafunzi kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba shule hupanga siku ya kurudi na kusahau wiki ya tatu. Mwanzoni kila mtu ana bidii: nyanya anabaki na mtoto, majirani wanapongeza, walimu wanatabasamu. Wiki ya tatu mtoto anapata homa, pesa za nepi zinaisha, karatasi za hisabati zinarudishwa naye amepata alama saba kwa mia, na nyanya anakumbuka kwamba biashara yake ya omena (dagaa) imelala. Yote yanamwangukia msichana wa miaka 16 ndani ya siku tano. Akikosa wa kumshika hapo, haji hata kuaga. Anakosa Jumatatu, anakosa Jumanne, basi.

Mwongozo huu ni wa shule ya sekondari ya kutwa, na msichana mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mtu mmoja. Mwalimu mmoja anayejua kila kitu kuhusu msichana huyu, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa hayupo. Msichana akilazimika kueleza habari zake kwa walimu watano, atachoka kueleza.
- Chumba kidogo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti, beseni, maji na sabuni. Stoo ya vitabu iliyofagiliwa inatosha. Choo hakifai hata kidogo.
- Nambari tatu za simu: ya anayebaki na mtoto, ya jirani yake (simu ya nyanya huzimika siku ile unayoihitaji), na ya mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa huo.
- Nakala ya mwongozo wa kitaifa wa kurudi shuleni wa mwaka 2020 uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya. Sera ya kuwarudisha wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, lakini wazazi wengi, na hata walimu, hawajawahi kuiona ikiwa karatasi. Ukiwa nayo mkononi mabishano huwa mafupi.
- Vyombo viwili vya plastiki ngumu vyenye vifuniko vinavyobana, na mfuko usiopitisha joto pamoja na pakiti mbili za barafu.
- Sare iliyorekebishwa. Blauzi ya zamani itambana kifuani. Ishonwe nyingine yenye vifungo mbele, na awe na sweta ya ziada hata kama Kisumu ni joto. Sweta hiyo huficha doa la maziwa.
- Daftari gumu linalofungiwa. Habari za msichana zikae humo, zisikae kwenye rejesta ya darasa wala kwenye kundi la WhatsApp la walimu.

Kama huna mtu na huna chumba, usianze. Vingine vinaweza kufuata.

## Hatua ya 1: Nenda kwao kabla hajaja kwako

Fanya hivi wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa. Sababu ni kwamba anayeamua kama msichana atabaki shuleni mara nyingi si msichana mwenyewe. Ni yule anayebaki na mtoto.

Usiende na gari la shule, na usimchukue mwalimu wa nidhamu. Nenda kwa miguu au kwa boda boda, jioni watu wakiwa wametoka sokoni, na ukifika umtafute nyanya kwanza.

Nyumba moja katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, nilimkuta dani (ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kijaluo) akichambua omena kwenye ungo, mtoto amelala juu ya leso miguuni pake. Nilipoanza kueleza umuhimu wa elimu alinikatiza kwa upole. "Mwalimu, hayo nayajua. Niambie hivi: saa tatu mimi niko soko la Kibuye na mali yangu, huyu analia hapa, nani anamchukua?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa kwenye kigoda tukahesabu pamoja siku zake za soko. Tukaona kwamba Jumanne na Alhamisi ndizo siku anazopokea mzigo, na siku nyingine anaweza kuuzia pale mlangoni. Mamake mdogo wa msichana alikuwa akisuka nywele nyumba ya tatu. Akaitwa, akakubali kukaa na mtoto asubuhi hizo mbili, wateja wake wamkute hapo hapo kwa dani. Mazungumzo hayo ya saa moja yalimweka yule msichana shuleni kuliko mawaidha yote niliyowahi kumpa.

Usiondoke bila kujua mambo haya:

- Nani anabaki na mtoto Jumatatu hadi Ijumaa, kwa jina, na nani anachukua nafasi yake akiugua.
- Mtoto ana umri gani, na mchana anakula nini.
- Nani analipa nini: chakula cha shule, nepi, nauli.
- Baba wa mtoto ni nani kwa msichana huyu, na anasema nini kuhusu shule.

Hilo la mwisho usiliulize mbele ya watu. Ukiaga, mwombe msichana akusindikize hadi stejini. Njiani ndipo utakaposikia anachotaka yeye, na ndipo utakapojua kama kuna anayemtisha.

Tahadhari: Ukisikia "huyu ataolewa tu" naye hajatimiza miaka 18, jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 hairuhusu. Usibishane hapo nyumbani. Ruka hadi hatua ya 8.

Utajua umefaulu ukiwa na ratiba ya mtoto ya siku tano isiyo na pengo, kila saa ikiwa na jina la mtu.

## Hatua ya 2: Malizana na mwalimu mkuu kwa karatasi

Ahadi ya mdomo hufa mwalimu mkuu anapohamishwa, na wakuu wa shule huhamishwa mara kwa mara. Andika ukurasa mmoja wenye mambo manne: atarudi kidato au gredi ipi, salio la karo litalipwaje, ataruhusiwa kuondoka saa ngapi mtoto akiugua, na mwalimu gani anawajibika. Mwalimu mkuu atie sahihi, mlezi atie sahihi, na msichana pia.

Mkuu wa shule akisitasita, zungumza naye kwa hoja mbili. Ya kwanza ni sheria: Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi. Ya pili ni ya hesabu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa sekondari imewekwa shilingi 22,244 kwa mwaka, nayo hufuata jina lililo kwenye mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi. Kama alikuwa shule ya bweni na sasa anahamia kwenu, uhamisho huo ufanywe kwenye mfumo mara moja, si mwisho wa muhula.

Kuhusu darasa, maoni yangu ni haya. Aliyekosa chini ya muhula mmoja arudi na wenzake, kwa sababu marafiki ni dawa. Aliyekosa zaidi ya hapo achague mwenyewe. Nimeona wasichana wakilazimishwa kurudia mwaka "ili wasipate shida", wakaishia kukaa na watoto wadogo wanaowaita "mama" darasani.

Tahadhari: Usikubali sharti lolote la kumwaibisha: barua ya kuomba msamaha, kupimwa mimba kila muhula, au kusimama mbele ya wanafunzi. Katika shule moja niliyofundisha, msichana alitakiwa asimame gwarideni awaambie wenzake wasifanye kama yeye. Alisimama, akasema, akarudi mstarini. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Nilikuwa nimesimama pale na walimu wengine, nikanyamaza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

## Hatua ya 3: Panga maziwa

Walimu wengi, hasa wanaume, huliruka jambo hili kwa aibu. Nalo ndilo linalomtoa msichana darasani kabla hata ya wiki ya kwanza kwisha.

Nilishuhudia siku moja. Lilikuwa somo la hisabati la vipindi viwili mfululizo kabla ya mapumziko. Nje ya ua wa shule mtoto wa watu alilia, sauti tu, na maziwa ya msichana yakashuka. Alikunja mikono kifuani, akainama. Mwalimu akamwita ubaoni, hakuinuka. Akaitwa tena. Mwalimu akaona ni kiburi, akamtoa nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, kitabu amekibana kifuani, jalada limelowa.

Hakuwa na kiburi. Mwili wake ulifanya kazi yake. Matiti yasipokamuliwa hujaa na kuuma, yanaweza kuvimba na kufanya jipu, na baada ya siku kadhaa maziwa yenyewe hupungua.

### Umri wa mtoto unaamua mpango

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Hata maji hahitaji. Kwa hiyo ama aletwe shuleni saa saba anyonye, ama mama aende nyumbani ikiwa ni karibu, ama maziwa yakamuliwe na kuachwa. Kuanzia miezi sita mpango unakuwa rahisi zaidi, kwa sababu mchana anaweza kula uji wa wimbi, viazi vilivyopondwa, mboga laini, samaki aliyetolewa miiba vizuri, huku akiendelea kunyonya asubuhi, jioni na usiku.

### Ratiba ya siku

- Saa kumi na moja na nusu alfajiri: ananyonyesha, kisha anakamua kiasi cha kuacha.
- Saa nne, mapumziko: anakamua kwa dakika 15 katika kile chumba.
- Saa saba: ananyonyesha mtoto akiletwa, la sivyo anakamua tena.
- Saa kumi na nusu jioni: yuko nyumbani, ananyonyesha.

Ndiyo maana masomo ya ziada ya saa kumi na mbili asubuhi na yale ya jioni hayamfai kwa sasa. Asiadhibiwe kwa kuyakosa. Liandike hilo kwenye ule ukurasa wa hatua ya 2.

### Kukamua kwa mkono

Muuguzi wa kliniki ya watoto atamwonyesha kwa vitendo, na ni vizuri aanze huko. Kwa kifupi: anawe mikono kwa sabuni, asugue titi polepole, aweke kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asivute chuchu, maana huumiza wala haitoi maziwa. Siku za kwanza yatatoka matone. Mwambie mapema, asije akadhani amekauka.

### Kuyahifadhi kwenye joto la Kisumu

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje ya friji, lakini hiyo ni kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Kisumu hupita 30, kwa hiyo usitegemee hesabu hiyo. Kwenye mfuko wenye pakiti zilizoganda hukaa hadi saa 24, na kwenye friji hadi siku nne. Nyumbani kama hakuna friji, tafuta duka la karibu linalouza soda baridi. Sijawahi kumwona mama muuza duka aliyekataa.

Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwa sababu chupa na chuchu yake ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Yapashwe moto kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe. Yakibaki baada ya mtoto kunywa, yamwagwe.

Tahadhari: Friji ya maabara ya bayolojia isitumike, hata ikiwa tupu. Imewahi kuhifadhi vitu usivyovijua.

Tahadhari nyingine: Kama msichana ana maagizo ya kliniki kuhusu dawa au kunyonyesha, maagizo hayo ndiyo yanayofuatwa. Usimuulize sababu. Mpe ruhusa ya siku zake za kliniki na uishie hapo.

Zungumza pia na mpishi. Anayenyonyesha ana njaa na kiu kuliko wenzake. Upawa mmoja zaidi wa githeri na chupa ya maji mezani hauigharimu shule kitu cha kuhesabiwa.

Utajua umefaulu anapokwenda chumbani saa nne bila kuomba ruhusa mara mbili. Jua kuna hatari titi likiwa jekundu, la moto, na ana homa: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, huku akiendelea kukamua.

## Hatua ya 4: Waandae walimu, usilihutubie darasa

Wanafunzi tayari wanajua. Ukilihutubia darasa unageuza jambo la mtaani kuwa tangazo rasmi.

Walimu wanaomfundisha waambiwe mambo matatu tu: anaweza kutoka saa nne kabla ya kengele, anakaa karibu na mlango, na akikosa siku apewe kazi yake bila kuulizwa mbele ya wenzake. Habari za mimba ilikujaje haziwahusu.

Kisha mtafute msichana mmoja mtulivu wa darasa lake, yeye mwenyewe akuchagulie, wakae dawati moja. Muulize pia angependa kuitwa nani. Wasichana wengi huniambia hawataki kuitwa "Mama fulani" shuleni, hata kwa mapenzi. Nyumbani ni sawa. Darasani wanataka majina yao.

Neno la kumkejeli likitoka kwa mwanafunzi, lishughulikie siku hiyo hiyo, ofisini, bila gwaride. Likitoka kwa mwalimu, mwendee faraghani jioni. Usilipuuze. Kauli kama "wewe umeshakuwa mama, utaelewa mambo ya watoto?" imewaondoa wasichana wengi kuliko karo.

Na kama baba wa mtoto ni mwanafunzi mwenzao, naye awe na mtu wa kumsikiliza. Wavulana hawa husahaulika, kisha hutoroka kwenda kubeba mchanga au kuvua.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza iwe ya kawaida

Aingie na wenzake asubuhi, si saa tano akisindikizwa na mlezi. Kitabu chake kiwe dawatini. Mwalimu wa darasa aite jina lake kwenye rejesta kama la kila mtu. Saa nne wewe uwe karibu na chumba, ufunguo mkononi. Jioni mpigie dani, muulize mtoto alishindaje. Hakuna zaidi.

## Hatua ya 6: Chagua masomo ya kufidia, usiyafidie yote

Kosa la walimu wenye moyo mzuri ni kumrundikia madaftari ya wenzake anakili miezi sita iliyopita. Usiku ana mtoto anayeamka mara tatu. Atanakili mpaka asinzie, na hatajua alichonakili.

Wiki ya kwanza mpe majaribio mafupi ya hisabati, Kiingereza na kemia, bila alama za kuingia kwenye ripoti. Unatafuta mahali alipokatikia. Hisabati na kemia ndizo zinazojengwa tofali juu ya tofali: asiyejua moli hawezi kuendelea, asiyejua milinganyo atakwama kwenye grafu. Hizo zifidiwe kwanza. Historia, dini na biashara anaweza kuzisoma mwenyewe likizoni.

Lengo langu huwa mada mbili kwa wiki, dakika 30 kila moja, saa saba na nusu baada ya kula. Mwanafunzi mwenzake mzuri anaweza kufundisha mada moja, na mara nyingi humfundisha vizuri kuliko mimi.

Karatasi za majaribio ya kwanza usimpe pamoja na wengine. Mwite, mpe mkononi, mwonyeshe swali moja alilolipata na moja atakaloweza wiki ijayo. Zile alama saba kwa mia zinasomwa tofauti mtu akiwa ameketi kando yako.

Utajua umefaulu akianza kukuuliza maswali. Alama zitakawia muhula mzima, usizitafute mapema.

## Hatua ya 7: Kadi ya wiki sita

Kata kadi ngumu, ichore safu sita. Kila Ijumaa saa saba jaza mambo matano pamoja naye, kwa dakika kumi: siku alizokuja, usingizi, maziwa, mtoto, pesa. Maneno mafupi yanatosha. "Jumanne hakuja, mtoto homa." "Nepi zimeisha."

Kwa nini wiki sita? Kwa uzoefu wangu, akiivuka wiki ya sita bila pengo la siku tatu mfululizo, nyumba imeshazoea na yeye ameshazoea. Wiki ya tatu ndiyo ya kukesha. Panga mapema kuwa wiki hiyo utafanya mambo haya:

- Utamtembelea dani kwa mara ya pili, ukiwa na sukari au sabuni mkononi kama mgeni yeyote.
- Utaulizia basari. Fomu za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na za kaunti huhitaji sahihi ya chifu, na msichana mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kupiga foleni. Zipeleke wewe au umtume mtu.
- Utaangalia tarehe za chanjo.

Hizo tarehe zina maana kubwa hapa kwetu. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena miezi tisa chanjo ya surua. Katika maeneo ya ziwa yenye malaria nyingi kuna pia chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019, ambayo huanza miezi sita na kufuatiwa na dozi nyingine. Ukizinakili kutoka kwenye kijitabu cha kliniki, utajua siku atakazokosa kabla hazijafika. Mwalimu anayejua kwamba Jumatano ni chanjo haandiki "mtoro".

Sheria moja ya kushika: akikosa siku moja bila taarifa, piga simu kabla ya saa nne. Akikosa siku mbili, mtu aende nyumbani jioni hiyo. Usingoje siku ya tatu. Na ukifika usianze na "kwa nini hukuja". Anza na "mtoto anaendeleaje?"

## Hatua ya 8: Jambo likizidi shule

Kuna mambo ambayo mwalimu hayabebi peke yake, na ni hatari kujaribu.

Huzuni isiyopita. Baada ya kujifungua, msichana anaweza kupata sonona. Dalili ni kulia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, kutokula, kutolala hata mtoto akilala, kumtazama mtoto kama wa mtu mwingine, kusema "bora nisingekuwepo". Akisema neno kama hilo la mwisho, usimwache peke yake hata kwenda chooni. Mpigie mlezi, mpelekeni hospitali pamoja siku hiyo. Kumwombea ni vizuri, na mnaweza kumwombea mkiwa njiani.

Mimba ilitokana na ukatili. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kufanya ngono na mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mapema, kabla hajaeleza: "Nitakusikiliza, na kama kuna anayekuumiza lazima niwaambie watu wa kutusaidia." Nambari 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bure. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo na dawati la jinsia la polisi ndio wanaofuata. Mtuhumiwa akiwa mwalimu, taarifa iende kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) pia, hata kama ni rafiki yako, na hata kama wazee wamekaa wakakubaliana ng'ombe.

Ndoa. Chifu na afisa wa watoto wajulishwe kwa maandishi. Baki na nakala yenye tarehe.

Ukishapeleka taarifa usimwache msichana. Siku za kesi ndizo siku nyumba hugawanyika, na huenda akahitaji kulala kwa shangazi kwa muda. Ratiba ya mtoto ya hatua ya 1 itabidi iandikwe upya.

## Hatua ya 9: Likizo na usajili wa mtihani

Likizo ya Aprili humeza wasichana wengi kimya kimya. Anaanza kuuza mboga, anaona pesa, anaona mtoto amenenepa. Kabla ya kufunga shule mpe kazi ndogo yenye tarehe: mada mbili za hisabati, alete zikaguliwe katikati ya likizo. Tarehe hiyo ikipita, mtafute, wala usingoje siku ya kufungua.

Kama yuko mwaka wa mtihani, usajili hufanyika mapema katika mwaka huo, na huo ndio wakati ambao huenda alikuwa hospitalini. Pitia orodha ya shule mwenyewe. Akiwa amehama, hakikisha yuko kwenu na si kule alikotoka. Kisha mwite akae karibu nawe, mlinganishe majina yake matatu na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Nimewahi kukuta msichana amesajiliwa kwa jina la baba wa mtoto, kwa sababu karani alidhani ameolewa. Tulilifuta siku hiyo hiyo, tukaandika la babake, naye akasoma mara mbili kwa sauti kabla ya kutia sahihi.